Mikono Irudi Kwenye Picha

Jumatatu, 3 Machi

Nimeacha kazi. La, niandike sawasawa: nimesimama katikati ya ofisi, nikamwambia Bosi kwamba yeye ni mwizi, tena mwizi asiyejua thamani ya alichoiba, kisha nikatoka bila kubeba hata kikombe changu.

Sababu ni hii. Kwa mwaka mzima nimechora filamu ya katuni, hadithi ya mbuzi aliyekula chaki za mwalimu. Msimulizi wake ni kikongwe anayeitwa Bibi Vidole, na hatumii mdomo. Anasimulia kwa lugha ya ishara, maana filamu ni ya watoto viziwi. Sura ya Bibi Vidole niliichora nyumbani kabla sijaijua ofisi ile. Mikono yake ni ya mdogo wangu. Mdogo wangu ni kiziwi tangu utotoni, na sasa ni mwalimu wa darasa la wadogo katika shule ya viziwi. Alisimama mbele ya kamera yangu akasimulia hadithi yote, nami nikachora nikiifuata mikono yake, kidole kwa kidole.

Leo Bosi katuonyesha filamu ilivyokwenda kwenye televisheni. Ameikata. Amesogeza picha karibu na uso wa bibi "ili watu waone tabasamu", chini akapachika tangazo la sabuni, juu yake akaweka sauti ya mtu anayesimulia. Mikono haimo. Zinachungulia ncha za vidole tu, mara mojamoja, kama za mtu anayezama.

"Kwani viziwi ni wangapi?" akaniuliza. "Wanaonunua sabuni ni wenye masikio."

Hapo ndipo nilipomwita mwizi.

Jumanne, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimemwonyesha mdogo wangu kilichofanyika. Katazama mpaka mwisho bila kupepesa. Nikaanza kumweleza jinsi damu inavyonichemka, akanikatiza kwa kiganja.

"Hasira yako iweke pembeni kwanza," akasema kwa mikono. "Mikono iliyokatwa ni yangu."

Akaenda kupiga pasi nguo zake za kazini. Aliipiga ile pasi kama anapiga mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Michoro yangu ya awali ninayo yote, kwenye diski yangu mwenyewe. Kilichobaki ofisini ni kompyuta yenye nguvu ya kuigeuza michoro hiyo kuwa picha kamili zenye mwanga, kivuli na rangi. Laptop yangu haiwezi. Leo nimeijaribu kwa picha moja. Niliibandika kazini wakati Mama anabandika maharage, na maharage yakaiva kwanza. Filamu ina maelfu ya picha. Kwa mwendo huo nitamaliza nikiwa na umri wa Bibi Vidole mwenyewe.

Shule ya mdogo wangu inafunga tarehe 25 Aprili na wazazi wataalikwa. Nataka watoto waione siku hiyo, mikono ikiwa mahali pake.

Mama kasema, "Si urudi tu ukamwombe radhi Bosi? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Mama, mimi ndiye wa kuomba radhi?"

"Nani mwingine ana shida hapa?"

Nikaisukuma sahani ya maharage, nikarudi kwenye laptop.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata njia. Kompyuta za mezani zina kadi kubwa ya kuchorea picha, nzito kama tofali, yenye feni zake. Haiingii ndani ya laptop kwa dawa wala kwa dua. Lakini tumboni mwa laptop yangu kuna tundu la diski ya pili, na njia ipitayo humo ni ileile ambayo kadi ingeitumia. Ukichomeka pale adapta yenye kebo bapa, unaitoa njia nje, na kadi inakaa mezani pembeni, ikila umeme wake yenyewe.

Nimekwenda kwa Fundi Vipuri, yule mwenye kibanda kilichojaa maiti za kompyuta. Nikachukua kadi iliyotoka kwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta uliofungwa, adapta, na lile boksi la umeme la kompyuta ya mezani.

"Dada'ngu, hii kadi ni simba," alisema.

"Simba wengine ni wa kuchorwa ukutani."

"Ikikuangusha, rudi unitukane."

Nitaikumbuka ruhusa hiyo.

Kadi inahitaji kitu cha kusimamia. Nimechukua kibao cha kukatia mboga cha Mama, nikatoboa matundu, nikaifunga kwa skrubu. Mama alipokigundua kibao chake alishika kiuno. Alisema nimepagawa, eti kuna watu wanaolea chuki kama mtoto mchanga, wanaibeba hata mgongoni. Mdogo wangu alikuwa mezani. Aliniuliza Mama anasema nini.

"Anasema tumeharibu kibao."

Ndiyo kazi yangu katika nyumba hii tangu nina akili zangu. Mmoja akifungua mdomo, mimi mikono. Mwingine akiinua mikono, mimi mdomo. Mama hajui ishara zaidi ya nne: njoo, kula, lala, funga mlango.

Jumatano, 12 Machi

Boksi la umeme haliwaki lenyewe likiwa nje ya kompyuta yake. Lazima uunganishe tundu la waya wa kijani na la waya mweusi ili lidhani limewashwa. Nimetumia kipande cha waya. Feni za kadi zikazunguka! Nikapiga kelele mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko.

Nikawasha laptop. Haioni kitu. Nikazima, nikawasha kadi kwanza, kisha laptop. Haioni kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Haioni kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Haioni. Mvua.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemrudia Fundi Vipuri na kadi yangu kwenye mfuko wa nailoni, nikaanza kumtukana kabla sijafika mlangoni. Nilimwita tapeli. Nilisema ananiuzia mzoga kwa sababu mimi ni mwanamke, na kwamba leo mtaa mzima utamjua. Watu wakasimama chini ya vibaraza kujikinga na mvua na kunisikiliza mimi, burudani mbili kwa mpigo.

Fundi alinipokonya kadi, akaichomeka kwenye kompyuta yake ya mezani, akawasha. Picha ikaja. Safi, kali, kama dirisha lililofutwa.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Au kuna mengine ulikuja nayo?"

Sijawahi kuwa na hasira kama hiyo. Kama kadi ingekuwa mbovu ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Nilimwomba radhi meno yakiwa yamebana. Akasema yeye alinipa ruhusa mwenyewe, ila hakujua nina akiba kubwa hivyo.

Alhamisi, 20 Machi

Adapta haikuwa imezama vizuri kwenye tundu lake. Basi! Wiki nzima ya kusaga meno kwa sababu ya upana wa ukucha. Nimeisukuma mpaka ikaingia, nikafunga skrubu yake, na laptop ikaiona kadi. Jina lake limetokea kwenye skrini.

Nikaanza kazi. Picha ya kwanza ilitoka wakati Mama anamenya kitunguu kimoja. Kitunguu kimoja!

Picha ya nne, laptop ikaganda kama iliyopigwa ganzi. Nikawasha upya. Ikaganda kwenye ya pili. Nikawasha upya. Ikaganda.

Jumanne, 25 Machi

Inaganda. Mdogo wangu kaniuliza kama wanafunzi wake wataona filamu au wataona kibao cha mboga chenye feni. Nimemwambia aniache. Kasema, "Wewe unaijenga hiyo ili umtie Bosi kidole jichoni. Mimi nataka watoto wacheke. Tusichanganye." Kisha kaondoka.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Nilikuwa chumbani na bisibisi, nikasikia sauti ya Bosi sebuleni. Anaisifia chai ya Mama. Nikatoka mbio nikidhani naota mchana.

"Mama yako ni mtu wa busara," akasema, kakaa kwenye kiti changu. "Kanipigia simu, kasema umejuta."

"Mama!"

"Nilisema mzungumze tu," Mama akajibu, akiitazama birika badala ya kunitazama mimi. "Hasira hasara, mwanangu."

Bosi akainuka, akachungulia chumbani. Akakiona kibao, nyaya, feni. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Hii ndiyo nini? Mtego wa panya?" Kisha akaacha kucheka. "Unaitengeneza ile filamu. Sikiliza, binti. Rudi kazini tuyamalize kiutu uzima. Ile ni ya ofisi. Ukiionyesha popote, utanijua mimi ni nani."

Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, anaisoma midomo yake. Akapiga kiganja ukutani. Sote tukageuka.

"Mtafsirie," akaniambia. "Neno kwa neno. Mwulize ni lini nilimruhusu atumie mikono yangu."

"Anauliza, ni lini alikuruhusu utumie mikono yake?"

Bosi alinijibu mimi. "Mwambie ilikuwa kazi ya ofisi."

"Kwa nini anakutazama wewe? Mimi sipo? Mwambie macho yake ayalete huku, mpumbavu yule."

"Anasema... naomba utazame upande wake."

Akanipiga begani. "Nimeuona mdomo wako. Hukusema mpumbavu. Usinipunguzie chumvi."

"Anasema macho yako yalete huku, mpumbavu wewe," nikasema, na Mungu anisamehe, neno lile lilinishuka vizuri kama maji ya mtungi.

Bosi akamtazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Mdogo wangu akaendelea polepole, na mimi nikamfuata.

"Sijatia sahihi karatasi yako yoyote. Sura ya bibi ni ya dada yangu tangu hajakujua. Mikono ni yangu. Nikisimama mahali popote nikasimulia kwa mikono hii, watajua mara moja ni nani alikuwa anazungumza mpaka wewe ukamkata. Kilicho chako ni sabuni. Chukua sabuni yako uende."

Bosi akasema, "Tutaonana." Aliacha chai nusu kikombe, bado inafuka. Mwenye hoja haachi chai ya moto.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Mama akaweka birika chini kwa kishindo. "Mwambie mdogo wako, hatukani mtu mgeni wangu ndani ya nyumba yangu."

Nikatafsiri. Mdogo wangu akajibu, mikono inakata hewa. "Mwambie Mama: maisha yangu yote umenijulia maneno manne. Njoo, kula, lala, funga mlango. Kuna watu wanazungumza na mbwa wao zaidi ya hapo. Mgeni unampa chai na maneno. Mimi unanipa chai tu."

Nikamgeukia Mama ili niyaseme, ulimi ukagoma. Niliwatazama, wamesimama hatua chache baina yao, na wote wawili macho yao yako kwangu. Kama Bosi. Nikaona miaka yote niliyokaa katikati kama bomba, maneno ya huyu yakipitia kwangu kwenda kwa yule, na hakuna aliyewahi kumgeukia mwenzake.

"Sisemi," nikasema kwa mdomo na kwa mikono pamoja. "Leo bomba limeziba. Mnataka kugombana, gombaneni wenyewe."

"Kasema nini?" Mama akauliza.

"Mwulize."

Nikafunga mlango wa chumba.

Jumapili, 30 Machi

Kila mtu kala chumbani kwake. Mvua tu ndiyo iliyosema.

Jumatano, 2 Aprili

Imekubali.

Nilikuwa na hasira za kuivunja, na kabla ya kuivunja nikataka niielewe, ili niivunje kwa haki. Kebo ya adapta ni nyembamba na ndefu, na nilikuwa nimeipitisha juu ya nyaya za umeme, bega kwa bega. Habari zinaenda kasi mno, zinachafuka njiani. Nikazitenganisha, nyaya kushoto, kebo kulia. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ya ndani ya laptop, nikapunguza mwendo wa lile tundu daraja moja. Polepole, lakini bila kukosea.

Picha ya kwanza. Ya nne. Ya kumi. Nimekwenda kuoga, nimerudi, bado inatoa. Ya hamsini. Nimekaa kitandani nikalia kama mjinga, na hata kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

Jumamosi, 5 Aprili

Mchana kutwa picha zinatoka, moja, moja. Kila moja inakaa kidogo kwenye skrini kabla ya inayofuata, kwa hiyo mkono wa Bibi Vidole unapanda hewani taratibu mno, kiwiko, kiganja, kidole.

Mama kaleta kiti, kakaa mbele ya mashine. Kasema chumba changu kina joto zuri kwa sababu ya hizo feni, na viungo vyake vinamsumbua msimu huu. Hadithi yenyewe anaijua, keshaisikia yote ikisimuliwa kwenye televisheni. Nimeshikilia msimamo wangu: simtafsirii mtu. Mezani jioni, Mama aligusa chungu, akamtazama mdogo wangu, akainua nyusi. Alikuwa anauliza kama anataka zaidi. Mdogo wangu akasogeza sahani. Nikatazama pembeni.

Jumatano, 9 Aprili

Umeme umekatika mara mbili. Sikupoteza kitu, kila picha inajihifadhi peke yake. Mama ndiye aliyekuwa ananieleza imefikia wapi: "Pale mbuzi anapojificha chini ya dawati." Sikumwuliza amejuaje ni chini ya dawati. Dawati halionekani kwenye picha ile, linasemwa kwa mikono.

Nilikuwa nina haraka ya kuwasha. Ndiyo maana sikuuliza.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilikwenda kwa Fundi Vipuri kutafuta feni ya akiba. Mvua ikashuka kama iliyotumwa. Nikakumbuka paa la chumba changu, lile bati lenye kutu juu ya meza. Nikakimbia njia nzima matope yakiniruka mpaka usoni, nikijitukana.

Mama alikuwa amekaa kitini mwake mbele ya mashine, ameishikia mwavuli. Mashine kavu. Yeye bega lote la kulia limelowa chapachapa, maji yanamtiririka kiwikoni.

"Mama, ungezima tu!"

"Ningezima, nisingeona inakwendaje," akasema. "Shika huu, mkono umekufa ganzi."

Mkono mwingine, ule mkavu, ulikuwa mapajani, vidole vinacheza. Nilidhani ni baridi ya viungo.

Jumamosi, 19 Aprili

Picha ya mwisho. Nimeziunganisha. Filamu inatembea. Mikono yote imo, mpaka kwenye viwiko, na nafasi juu ya kichwa kwa zile ishara za juu. Hakuna sauti. Hakuna maandishi. Mdogo wangu kaitazama amesimama. Ilipokwisha kanishika uso kwa mikono miwili, kanitikisa kichwa, kaondoka. Kwake hiyo ni hotuba.

Jumamosi, 26 Aprili

Jana sikuweza kuandika, naandika leo.

Tuliionyesha darasani, shuka jeupe ukutani, madawati yamesukumwa nyuma. Bibi Vidole alipoinua mikono, wale watoto wakaacha kusukumana wote kwa pamoja. Mbuzi alipopiga chafya ya vumbi la chaki, wakapiga miguu sakafuni mpaka nikaisikia kwenye magoti yangu. Baba mmoja aliniegemea akanong'ona, "Mbona niliyoiona kwenye televisheni haikuwa hivi?"

"Ile ilikuwa ya sabuni," nikamwambia.

Mama alikaa safu ya mwisho. Kuna mahali Bibi Vidole anasema kwamba mwalimu mkuu ana kichwa kama boga lililosahaulika shambani. Hakuna picha ya boga, hakuna cha kuonyesha, ni mikono tu. Watoto wakacheka. Na nyuma yao, kwa sauti yake ileile ya kukwaruza, Mama naye akacheka.

Wazazi wengine wenye masikio walikuwa wanatazamana, hawajui kinachochekesha ni nini. Mama alijua.

Nikamtafuta mdogo wangu. Yeye hakusikia kicheko, lakini alikuwa amemtazama Mama usoni wakati ule ule. Nilitegemea ataangaza. Uso wake ulifungwa kama duka.

Njia nzima ya kurudi alitangulia mbele. Tulipofika uani akanigeukia mimi, akainua mikono. "Kumbe anaweza! Wiki chache tu mbele ya mashine, na anaweza! Basi siku zote zile alikuwa wapi? Nilipokuwa mdogo, nilipokuwa naumwa usiku nikishindwa kumwambia wapi panauma, alikuwa wapi?"

Mama hakuyaelewa hayo, ni ya haraka mno. Lakini alimwona. Akaweka mkoba wake juu ya ngazi, akapangusa viganja kwenye sketi, akainua mikono. Anayoyajua yote ni ya hadithi ile, hana mengine. Akachagua sentensi nzima, ile ya karibu na mwisho, akaifanya polepole kama ilivyokuwa inatoka kwenye mashine, kiwiko, kiganja, kidole:

"Mbuzi anasema: nimekosa."

Mdogo wangu akampa mgongo. Sisi wenye masikio tukipewa mgongo, maneno yetu bado yanaweza kumfuata mtu. Kwa kiziwi, mgongo ni mlango wenye komeo.

Mama akazunguka. Alipita kwenye dimbwi na viatu vyake vizuri, akasimama mbele yake. "Mbuzi anasema: nimekosa."

Mdogo wangu akageuka tena. Mama akazunguka tena, matope mpaka vifundoni. "Mbuzi anasema..."

Safari hii mdogo wangu akaudaka mkono wake hewani. Alikuwa analia, na alikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi. Akakishika kidole gumba cha Mama, akakikunja kwa nguvu, akakisukuma ndani ya kiganja. Kisha akaachia, akamwambia kwa mikono yake mwenyewe, uso kwa uso:

"Kidole gumba ndani. Ukikiacha nje hivyo, unasema mbuzi amekojoa. Mara mbili nzima umeniambia mbuzi amekojoa."

Mama akanigeukia mimi, macho yamemtoka, anangoja nimwambie alichoambiwa.

Nikatia mikono yangu mfukoni.

Mama akaitazama mifuko yangu. Kisha akamgeukia mwanawe, akainua mkono, kidole gumba ndani, akaanza upya.